Majina Manne Niliyoyapeleka Amerika

Swali la kwanza mliloniuliza lilikuwa la theluji. Niliiona. Ni baridi, ni nyeupe asubuhi, na kufika mchana magari yamekwisha kuichafua. Sasa nisikilizeni.

Nilipokuja kwenye kikao chetu baada ya kurudi, mlinipa kiti kizuri na bia ya baridi, nami nikakaa kimya hadi mwisho. Mlidhani ni uchovu. Ilikuwa hasira, nayo ilikuwa haijapata maneno yake. Imeyapata wiki hii. Habari za viza na tiketi nitaziruka, maana hakuna asiyejua foleni ilivyo. Nitasema njia, watu niliokutana nao, nilichokula, na jinsi nilivyorudi.

Kwa ajili ya atakayesoma bila kutujua, nieleze kilichonipeleka. Mdogo wangu Trezo na wenzake watatu, Floribert, Pichu na Kasongo, walikwenda Kasomeno kutafuta mahindi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, mabomba ya migodi hayatoi moshi, na vita vilikuwa vinakula kaskazini ya nchi. Askari wakasimamisha lori njiani, wakawashusha vijana wote, wakawapeleka kambini. Kule wakapewa bunduki. Wale wanne waliziweka chini, kila mmoja mbele ya miguu yake mwenyewe, wakasema hapana. Wakaletwa Lubumbashi wamefungwa kamba, wakatiwa gerezani wangoje mahakama ya kijeshi. Kwa kosa kama lile, mahakama hiyo ilikuwa na hukumu moja tu, na mji mzima uliijua.

Wazo la kuweka bunduki chini halikutoka mbinguni. Lilitoka nyumbani kwetu. Papa, baba yetu, alipokuwa mwanafunzi alifundishwa na Mmarekani kijana, Mwalimu Tomi, aliyekuja kwetu kwa sababu alikataa kwenda kupigana Vietnam. Tulilelewa kwa hadithi za Tomi: vijana wa nywele ndefu waliochoma karatasi za kuwaita jeshini, wasichana waliotia maua kwenye midomo ya bunduki, watu wengi kuliko Lubumbashi yote wakitembea hadi mlangoni kwa rais wao. "Na bunduki zikanyamaza," Papa alimalizia kila mara. Mimi nilisikiliza kama hadithi. Trezo alisikiliza kama Injili.

Tomi amekwisha kufa. Mjane wake, Judi, alipopata habari zetu kutoka kwa Papa, aliniita. Alisema rafiki yao wa zamani, waliyefungwa naye enzi zile za maandamano, leo ni mbunge mzito, na simu moja kutoka kwake kwa gavana wetu ingewatoa vijana. Simu moja. Hiyo ndiyo niliyoifuata ng'ambo ya bahari.

Lubumbashi hadi Kasumbalesa

Mama alinifungia chikanda. Mnaijua: mizizi ya porini inayotwangwa na karanga na pilipili, ikapikwa mpaka ikagandamana, ukiikata inafanana na soseji. Alifunga ya kutosha kulisha kikosi.

"Mama, nende na hii yote wapi? Bazungu bako na chakula."

"Chakula gani? Bale banakulaka mayani. Beba."

Nilipanda lori la Papa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo anayeleta maharagwe na kupeleka sabuni, Mkristo wa kusali kabla ya kuwasha gari na baada ya kulizima. Tulikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mbele yetu yalikuwa malori mengi kiasi kwamba madereva walikuwa wamewasha majiko ya makaa chini ya matrela na wanawake wa pale walikuwa wakiwauzia bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga. Tulikula, tukalala kwenye viti, tukala tena.

Papa Muhindo aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamweleza. Akacheka hadi akashika usukani.

"Walikataa vita? Dada, vita inakatalwa? Kwetu vita haikupiga hodi. Mimi niliona ng'ombe wa babu yangu inaenda na askari, na babu nyuma yake anakimbia na fimbo. Hakuna mtu alimuuliza kama anakubali."

"Kule waliulizwa, Papa. Waliandikiwa barua, waende. Wakachoma barua."

"Eh!" Akatafakari huku akichokoa meno. "Basi hiyo ni heshima. Kuandikiwa barua."

Nilikasirika naye wakati ule. Nilimwona mtu asiyejua historia. Nawaomba mlikumbuke neno lake mnaposoma yanayofuata, kwa kuwa mimi nililisahau nilipolihitaji.

Angani, na uwanja wa ndege wa New York

Kutoka Ndola, kwa shangazi yangu aliyenifundisha Kiingereza nilipokuwa mtoto, hadi New York, sina la kuwaambia ila kwamba miguu ilivimba na kuku wa ndege hana mfupa. Kisa kinaanza niliposhuka.

Nilikuwa nikivuta begi langu kwenye ukumbi mrefu nilipowaona: askari, kundi zima, sare za rangi ya mchanga, mabegi mgongoni. Mwili wangu haukuniuliza. Nilijikuta nyuma ya nguzo, begi nimelikumbatia, nikitafuta mlango kwa macho. Nyinyi mngefanya hivyo hivyo. Sare ikikujia kwa wingi Lubumbashi, unaondoka kwanza, unauliza baadaye.

Halafu nikasikia makofi. Ukumbi mzima unapiga makofi. Wazee wanasimama, akina mama wanainua watoto wawaone. Msichana mmoja aliyevaa fulana yenye ile alama ya amani, duara na mistari yake ndani, alama ambayo Tomi aliichora ubaoni kwa papa yangu, alikuwa akipiga makofi na kulia.

Bibi mmoja aliniona nyuma ya nguzo. "Mwanangu, hupigi makofi?"

"Wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Ng'ambo." Akatikisa mkono kuelekea upande wowote. "Tunawashukuru tu."

Kwa lipi, ikiwa hawajafika huko bado? Sikumuuliza. Zilikuwa siku zile ambapo nchi yao ilikuwa ikijiandaa kwenda Iraki, na kila televisheni uwanjani ilionyesha ramani ya jangwa yenye mishale.

Katika basi la kwenda Ohio

Basi la masafa marefu la Amerika ni la watu wasio na gari, na Amerika mtu asiye na gari ana hadithi. Jirani yangu aliitwa Ray, mtu mweusi wa miaka ya papa yangu, mpana, na kofia iliyoandikwa jina la kikosi chake cha Vietnam. Kwa saa ya kwanza alitazama dirisha. Nilipofungua chikanda aligeuka.

"Nyama gani hiyo?"

"Si nyama. Ni mizizi."

"Binti, mimi nimezaliwa Alabama. Naijua soseji nikiiona."

Nikamkatia. Akatafuna, akafumba macho, akatoa mkono apewe nyingine. "Basi hiyo mizizi ilikuwa nguruwe zamani," akasema, na watu wa viti vya nyuma wakacheka. Tangu hapo tulikuwa ndugu.

Nikamwambia nakwenda kuonana na watu waliosimamisha vita vyake. Nilisema kwa furaha, kama mtu anayemletea mwenzake salamu kutoka kwao. Ray alivua kofia, akaiweka magotini.

"Sikiliza. Sina chuki nao. Walisema vita ni uongo, na vilikuwa uongo. Mimi nilikuwa ndani yake, najua. Walipigwa marungu kwa kusema hivyo. Sawa. Lakini foleni unaijua?"

"Foleni naijua sana."

"Kulikuwa na foleni ya kuitwa jeshini. Ilikuwa na watoto wetu na, safari hii, watoto wao pia. Wao wakapiga kelele mpaka watoto wao wakatolewa. Serikali ikasema: basi, hatumwiti mtu kwa nguvu tena, atakuja anayetaka. Wakaenda nyumbani wakafungua shampeni." Akavaa kofia tena. "Foleni haikuondolewa, binti. Ilibaki na sisi. Mtoto wa dada yangu anaondoka Alhamisi. Hajaitwa na mtu. Ila kiwanda kilifungwa, na jeshi linasomesha bure. Ndiyo maana nimepanda basi hili, kwenda kumuaga. Na tukifika uwanja wa ndege watampigia makofi. Wanapiga makofi ili wasiulize."

Nilitaka kubishana. Nilisema kwamba walau nchi yao ilijifunza kutilia shaka wakubwa, kwamba hadithi yao ilivuka bahari ikafika hadi kwetu, kwamba mdogo wangu yuko gerezani kwa sababu aliiamini.

Ray akanigeukia. "Yuko gerezani sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na hao wazee unaowaendea, wanajua?"

"Wanajua. Ndio walioniita."

"Kata mzizi mwingine," akasema.

Nyumbani kwa Judi

Judi alinipokea kituoni kwa kunikumbatia muda mrefu mno, akinusa kitenge changu. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja hadi kiunoni, macho ya kweli. Nataka muelewe kwamba nampenda hadi leo, kwa sababu yatakayofuata yatawafanya msadiki vingine. Alipokuwa msichana, baba yake, mtu wa jeshi, alimfukuza kwa ajili ya maandamano na hakumwita tena mpaka anakufa. Bega lake moja liko chini kuliko lingine kwa rungu la polisi.

Alinionyesha mji wake. Kila kitu ambacho Papa alituhadithia kilikuwepo, na kila kimoja kilikuwa dukani. Mkate wa ngano nzima waliokuwa wakiuoka pamoja bure sasa una duka lenye mlango wa kioo. Ubani. Mashati ya rangi za kumwagika. Alama ya amani kwenye begi la shule la mtoto, kwenye bilauri, kwenye kola ya mbwa. Meneja wa benki alikuwa na mkia wa nywele na aliniambia kwamba alilala matopeni siku tatu kwenye tamasha la muziki, ujanani, na dunia ilibadilika. Chuo kina somo zima la kupinga vita. Nilialikwa darasani, nikakuta vijana wa rika la Trezo wakiandika haraka haraka. Nilidhani wanaandika mipango. Mwalimu alikuwa amewatajia yatakayokuja kwenye mtihani.

Sisemi hawakubadilisha kitu. Wanawake wanaongoza idara, mweusi na mweupe wanakaa meza moja, mtu anamtukana rais wake barabarani halafu anakwenda kununua maziwa. Nani kati yetu anaweza hivyo? Niliona wivu. Ndiyo maana hasira yangu haikupata mahali pa kukaa.

Chakula cha jioni kilikuwa dengu na majani. Nikasikia sauti ya Mama: banakulaka mayani. Nilipoweka chikanda mezani Judi alirudisha kiti nyuma.

"Mpenzi, hatujala nyama hapa tangu mwaka wa mwisho wa vita."

"Si nyama."

"Sitaki ujisikie vibaya kwa utamaduni wako," akasema kwa upole mkubwa, "lakini siwezi."

Nilimweleza mara mbili. Aliniamini mara ya tatu, na kwa adabu tu. Hakuionja.

"Simu tutaipiga lini?" nikauliza.

"Garet, yule mbunge wetu, yuko kwenye vikao. Tumpe muda. Jumamosi uje nasi kwenye uwanja wa mji. Kila Jumamosi tunakusanyika kwa ajili ya waliokufa vitani. Hatujakosa hata moja tangu ujana wetu."

Neno hilo lilinigusa moyo. Kukusanyika kwa ajili ya wafu: hilo nalijua bila kufundishwa.

Jumamosi uwanjani

Sasa mnicheke, kisha muache.

Nilijiandaa kama anayekwenda kwenye kilio. Nilifunga kitenge cha pili kiunoni, nikafunga kichwa kitambaa cheusi. Nilipika sufuria ya maharagwe nikaifunika vizuri, maana kwenye kilio huendi mikono mitupu. Nilichukua mkeka wa mazoezi wa Judi. Akanitazama akatabasamu, nadhani alisema moyoni, Waafrika hao.

Walikuwa wazee ishirini hivi, makoti mazito, mabango. Walisimama kwenye ukingo wa uwanja, kimya, theluji ikianguka kwenye kofia zao. Magari yalipita, mengine yakipiga honi kwa kuunga mkono, mengine kwa matusi. Nilitandika mkeka chini ya mnara wa saa, nikakaa, nikanyoosha miguu. Nilifurahi, kweli. Niliona: hatimaye, watu wanaojua kukaa na wafu. Nikaanza kuwalilia wa kwetu polepole, kwa sauti ya kawaida ya kwetu, mmoja mmoja: binamu wa Moba, jirani yetu wa mtaa wa Annexe, wale waliofia mtoni. Mzee mmoja alitazama viatu vyake.

Saa ilipolia saa saba, wakakunja mabango.

Hivyo tu. Waligeukiana, wakagusana mabega, mmoja akasema mkahawa wa pembeni una supu ya maboga leo. Nilidhani wanabadilishana zamu.

"Mado, twende, utaganda," Judi akasema.

"Wanakuja wengine?"

"Hapana. Tumemaliza."

"Nini kimemalizika?"

"Saa moja yetu. Kibali ni cha saa moja."

Jamani. Waliomba ruhusa ya serikali kuwapinga wakuu wa serikali, wakapewa saa moja, wakaitii. Nilibaki nimekaa. Nilimwambia kwetu mtu haondoki kwenye kilio wakati maiti hajazikwa. Tunalala pale pale chini, tunapika pale, tunagombana pale, na jirani anayeondoka mapema hasahauliki. Nilimwambia vita havijazikwa. Nilimwambia Trezo hajazikwa na sitaki azikwe, na simu iko wapi?

"Usinifundishe mimi kulia," Judi akasema, na uso wake mweupe ukawa mwekundu. "Nilivunjwa bega barabara hii hii. Tulisimamisha vita!"

"Mlisimamisha kuitwa kwa watoto wenu!" Nilikuwa napiga kelele kwa Kiingereza cha Ndola. "Siku walipoacha kuitwa, mkaenda kula supu!"

Polisi akaja, kijana mwenye adabu za kuudhi, akaniita mama, akasema kibali kimekwisha. Nikafunua sufuria nikamwambia akae ale. Akamtazama Judi. Judi alisimama pale, theluji kwenye mkia wake wa nywele, wenzake wote wakimngoja mlangoni pa mkahawa. Kisha akakunja goti lake bovu, taratibu sana, akakaa kwenye mkeka kando yangu.

"Nipigie simu ofisini kwenu," akamwambia polisi. "Sema Judi amekaa chini tena." Akachota maharagwe. Tulikula kwa kijiko kimoja. Polisi alikwenda kukaa garini mwake, mwishowe akatuacha. Asubuhi ya Jumatatu tulikuwa njiani kuelekea mji mkuu wa jimbo, bila miadi.

Ofisini kwa Garet

Ukutani palikuwa na picha yake ya ujana: ndevu hadi kifuani, mikono imefungwa pingu, anacheka. Chini ya picha alikaa yeye, amenyolewa vizuri, tai ya buluu. Alimbusu Judi, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Niliyataja majina manne. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima, kutoka Kasumbalesa hadi mlangoni pake: Trezo, Floribert, Pichu, Kasongo. Nikasema waliweka bunduki chini kama yeye alivyochoma karatasi yake.

Alisikiliza vizuri. Ana kipaji cha kusikiliza. Kisha akasema, "Yupi ni ndugu yako?"

"Trezo. Lakini ni wanne."

"Naelewa. Ila nisikilize, kwa faida yako. Vijana wanne wanaokataa silaha wakati nchi yao iko vitani, hiyo ni siasa. Nikiigusa, gavana wako ataniambia nishughulike na ya kwangu, na wiki hii nchi yangu nayo ina jeshi linaloondoka. Lakini mwanafunzi mmoja, mgonjwa, aliyechukuliwa njiani kwa makosa, asiyejua alilolifanya: hiyo ni huruma. Huruma naweza kuisemea."

"Si mgonjwa," nikasema. "Na alijua. Alijua sana."

"Unataka atoke?"

"Nataka watoke. Trezo, Floribert, Pichu, Kasongo."

"Garet," Judi akasema kwa sauti ya chini, "sisi tulipokuwa ndani, nani alitoka peke yake?"

Garet akaitazama picha yake ukutani, si sisi. "Enzi zile hatukuwa na cha kupoteza, Judi."

"Tulikuwa na kila kitu," akasema Judi.

Garet akatuahidi atafanya awezalo. Tukaondoka. Katika gari Judi hakuwasha injini kwa muda. Alipiga usukani kwa kiganja, mara moja, mbili, tena na tena, mwanamke asiyekula nyama, mpaka nikamshika mkono.

Ndola hadi nyumbani

Habari ilinipata Ndola. Shangazi alinikimbilia kituoni, kitambaa mkononi: "Trezo ametoka! Ametoka!" Nilipiga vigelegele barabarani, nikaanguka magotini kwenye vumbi. Sikuuliza la pili. Njia yote hadi mpakani nilimwimbia dereva wa teksi, naye akaomba nimuimbie mkwe wake pia.

Nilipofika nyumbani, uwanja ulikuwa umejaa. Mama akanikamata shingoni. Papa alilia waziwazi, akisema jina la Tomi. Na karibu na ukuta walisimama wanawake watatu, wameoga, wamevaa nguo za kanisani, nywele zimesukwa upya. Mama Floribert alikuwa amebeba shati la kiume lililopigwa pasi.

Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango wa uwanja.

"Mado, bengine bako nyuma?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na nikatamani dunia iwe na mlango.

"Nilibataja bote," nikasema. "Mama, nilibataja bote bane. Kila siku."

"Sawa, mutoto wangu, aksanti," akasema, na hiyo aksanti ndiyo iliyoniua. "Pengine bale bazungu banasahaukaka majina yetu. Wangu... Floribert iko jina yepesi lakini. Utarudia kule lini?"

Kana kwamba Amerika ni Kipushi, unapanda asubuhi, unarudi jioni.

Trezo alikuwa chumbani. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Hakuinuka. Bado aliniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Mado, ulibaambia miye niko mugonjwa?"

"Hapana. Minaapa."

"Kamanda alikuja na karatasi. Alisoma mbele ya bote. 'Trezo, mutoto mugonjwa wa kichwa, alikamatwa kwa makosa, hakujua alichofanya. Bazungu banamulilia.' Batu bakacheka. Nilishika nondo za dirisha, bakanivunja vidole kidogo, bakanikokota inje." Alinionyesha mkono. "Pichu aliniangalia tu. Tribinali iko Jumatatu. Juje, hakimu yao, atabauliza bale batatu: muko bagonjwa nanyi? Hapana? Basi mulijua. Eh, yaya? Miye kuwa mugonjwa kunabaua."

Nilimweleza yote, ofisi, picha, majina. Alisikiliza akitazama ukuta. Sikuona hasira usoni mwake. Yote ilikuwa ndani yangu.

Asubuhi aliondoka mapema na nikamfuata, kwanza kwa mbali, halafu bega kwa bega, maana alijua namfuata. Mbele ya lango la gereza mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akila karanga.

"Unatafuta nani?"

"Natafuta kuingia," Trezo akasema. "Andika: niko na akili. Nilijua."

Mlinzi akamtazama, akaanza kucheka. "Ni weye ule wa bazungu, na huyu dada yako wa Amerika! Rudia kwenu, bwana. Huku banaingiaka batu benye kukosa."

"Nilikosa. Niliweka bunduki chini."

"Weye ulisamehewa."

"Nani aliomba musamaha?"

Mlinzi akaacha kutafuna. Akanyoosha kidole juu ya bega la Trezo, kwangu.